Mashine yenye sura mbaya

Mikono yangu bado inanuka petroli, sabuni imeshindwa. Mashine ya boti niliyoihangaikia miezi miwili hatimaye iko tezini, nyuma ya boti, na siwezi kwenda nayo popote.

Ya kwanza niliyokwenda kuiona ilikuwa na rangi mpya, inang'aa. Muuzaji alivuta kamba mara moja tu, ikanguruma. Nikaweka kiganja kwenye silinda: ya moto. Alikwisha kuipasha kabla sijafika! Mashine inayogoma ikiwa baridi huwaka kwa adabu ikishapata joto, na wauza vibovu wanalijua hilo. Nikaomba bisibisi, nikalegeza skrubu ya chini ya giaboksi. Oili ikachuruzika na rangi ya chai ya maziwa. Sili zimekwisha, maji yameingia kwenye gia. Nikaaga.

Ya pili, hospawa 15, silinda mbili, ilikuwa na sura mbaya kwelikweli. Kifuniko kimepasuka, rangi imebambuka. Lakini ilikuwa baridi kama jiwe. Nikachomoa plagi, nikafunga geji ya kompresheni, ile inayopima mgandamizo ndani ya silinda: silinda moja psi 118, ya pili 115. Zikipishana zaidi ya asilimia 10 hivi, mimi huanza kutafuta njia ya kuondoka. Oili ya gia nyeusi, chafu, ila haina maji. Tukaitumbukiza kwenye pipa, kamba mara tatu, ikawaka kwa moshi mwingi. Nikasubiri. Kisha ikaanza kukojoa: uzi mnene wa maji, haukatiki, ukaniambia raba ya pampu ya maji ya kupoza mashine bado nzima. Nadhani nilitabasamu, maana kuanzia hapo bei haikushuka tena.

Leo asubuhi nimechanganya mafuta, nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli, nikaibeba na jirani hadi kwenye boti, tukaifunga. Lile bamba la juu ya pangaboi linatakiwa likae karibu sawa na chini ya boti. Langu limeshuka inchi 5 nzima. Shafti ni ndefu, ya inchi 20. Tezi yangu ni ya inchi 15. Na futi kamba nilikuwa nayo mfukoni siku ile, nimekwenda nayo, nimerudi nayo.

Jirani anasema tuinue tezi kwa ubao. Hakucheka, namshukuru. Kesho nitatafuta mbao ngumu na boliti ndefu.