Bonyeza Tena

Jumamosi asubuhi nilimsindikiza Mama hadi soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, kutafuta sato wa mgeni. Wifi yake, yaani Shangazi, alikuwa anakuja na meli ya mchana kutoka Ukerewe. Mama ana tabia inayowaudhi wachuuzi: kila samaki anambonyeza kwa dole gumba, anasubiri, anatazama. Kishimo kikijaa upesi, samaki anaingia kapuni. Kikibaki, anamrudisha bila neno.

"Mama, utamtoboa huyo!" kijana mmoja akalalamika. Mama akambonyeza wa pili.

Shangazi naye alijibonyeza mwenyewe, mwaka juzi, akiwa anaoga. Titi la kushoto. Alisema ni kama punje ya hindi chini ya ngozi. Zahanati moja ikamrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu, wakati hata hakusema panauma. Hilo bado linanikera. Miezi ikapita, akapasuliwa hospitali nyingine, na daktari akatuambia jambo ambalo mimi, fundi wa vifaa tiba, sikuwahi kulifikiria: ukishafungua, macho hayakusaidii sana. Nyama mbovu na nyama nzima zote zimelowa damu, rangi zinakaribiana. Anachofanya ni kupapasa kwa kidole, atafute ule ugumu unaishia wapi. Uvimbe mwingi wa saratani ni mgumu kuliko nyama inayouzunguka, kwa kuwa nyuzi za kolajeni hujazana humo na kukazana.

Tangu siku hiyo nasoma habari za vihisi vya mguso, yaani vifaa vinavyopapasa kama kidole, kila nipatapo bando.

Kwenye upasuaji wa matundu madogo, daktari hushika vyuma virefu vinavyopita katika tundu la milimita 5 hadi 12. Kidole kimebaki nje. Roboti ya upasuaji iitwayo da Vinci, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000, kwa miaka mingi ilimwonyesha daktari picha safi huku mikono yake haihisi kitu. Ni toleo la 2024 lililoanza kumrudishia hisia ya nguvu anayovutia na kusukumia. Kwa hiyo watafiti wanajaribu kuweka kidole kwenye ncha ya chuma.

Vihisi hivyo ni vya namna nyingi, ila ninavyovutiwa navyo ni vya fuwele. Kile kiwashio cha jiko la gesi kinachocheua cheche bila betri? Ndani mna fuwele inayotoa umeme ikigongwa. Ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, ndio waliolionyesha jambo hilo mwaka 1880. Fuwele hiyohiyo ukiipa umeme, hutetemeka. Ukiigusisha kwenye kitu, mtetemo hubadilika kulingana na ugumu au ulaini wa kitu hicho. Gusa hapa, gusa pale, kompyuta inakuchorea ramani.

Lakini si kila kigumu ni saratani. Kovu la zamani la kifua kikuu kwenye pafu ni gumu. Kifuko cha maji kilichojaa hadi kukaza ni kigumu. Na saratani laini zipo. Kipande cha nyama bado kitakwenda maabara chini ya darubini. Halafu kuna swali la kifundi ambalo picha zile nzuri hazilijibu: kifaa chenye nyaya na gundi kitapitaje kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa nyuzi 121 au 134, kitoke kikiwa bado na akili zake? Nimeshazika vifaa vingi vilivyouawa na mvuke.

Mimi ningekitaka kule kidole kisikofika, si pengine. Pale mkono unapofika, namwachia daktari mwenye mkono uliozoea. Ingawa, nikiri, namba ya kihisi ina faida yake: inaandikwa kwenye faili, mwanafunzi anaisoma. Mama nimemwuliza mara ngapi kishimo kijae kwa muda gani? "Utaona tu." Sijaona mpaka leo.

Shangazi alifika saa tisa, akala kichwa cha sato akakimaliza, akalamba vidole. Kisha akamwita mdogo wangu wa kike chumbani na kufunga mlango. Nikiwa barazani nilimsikia.

"Siyo hivyo. Taratibu. Zungusha mpaka kwapani." Kimya. "Bonyeza tena."