Isale lililorudishwa

Juzi usiku isale la mpakani lilichanua. Hatukuliona kwanza, tulilinusa. Tulikuwa tumekaa barazani baada ya chakula, umeme umekatika, mjukuu wangu akainua uso akauliza, "Babu, nani kamwaga manukato?" Nikamwambia hakuna aliyemwaga kitu, hilo ni isale. Akabisha. Anavyojua yeye, isale ni majani tu, ya kuonyesha kihamba, yaani shamba la ukoo, cha huyu kinaishia wapi na cha yule kinaanzia wapi, na ya kwenye makaburi. Maua yake hajawahi kuyaona, na si ajabu, maana huchanua kwa nadra na mchana hujifunga. Tukachukua tochi tukaenda. Kikonyo kirefu kilikuwa kimeinama juu ya mfongo, mfereji wetu wa maji, kimejaa vishada vya maua meupe madogo, na kila kishada kinachuruzika utamu unaonata vidoleni. Mtoto alilamba kidole akacheka. Mimi nikarudi ndani mapema, nikasema nimechoka.

Sikuwa nimechoka. Harufu hiyo, kwa nguvu namna hiyo, mara ya mwisho niliinusa ndani ya nyumba ya vioo huko Gloucestershire, Mei 1994.

Kule Uingereza nilikuwa mtunza bustani, na habari zangu nyingine za kule sitazirudia: bustani ya ukuta, mipichi iliyotandazwa matofalini, baridi, upweke wa Jumapili. Hii moja sijawahi kuisimulia. Hata marehemu mke wangu nilimpa nusu.

Nyumba kubwa ile ilikuwa na wisteria iliyofunika ukuta wote wa kusini. Mmea huo ni wa China, uliingia Uingereza mwaka 1816, na shina la ule wa kwetu lilikuwa nene kama paja la mtu mzima. Hupogolewa mara mbili kwa mwaka. Mwezi wa saba au wa nane unafupisha vile vitawi virefu vinavyotambaa ovyo, unabakiza majani matano au sita. Kisha Januari au Februari, majani yakiwa yameshapukutika, unavirudia vitawi vilevile, unabakiza macho mawili au matatu. Hapo ndipo penye kazi. Jicho la ua ni nene, limevimba. Jicho la jani ni jembamba, limelala kwenye tawi. Aliyezoea huyatofautisha kwa kidole gumba hata akifumba macho. Mimi nilikuwa sijazoea.

Mkuu wa bustani nilikuwa namwita Mzee. Nilimweleza tangu mwanzo kwamba kwetu hilo ni neno la heshima, akalipenda, akaniambia niendelee. Yeye ndiye aliyenichukua kazini wakati wengine walipoangalia barua yangu mara moja tu. Februari ile alilala na mafua makali wiki nzima. Kabla hajaondoka alinipa kazi ya waridi zote, akasisitiza: wisteria usiiguse mpaka nirudi. Waridi nilizimaliza siku tatu. Siku ya nne jua likatoka, ngazi ipo, mkasi umenolewa, nami nikatamani arudi akute kazi imekwisha, aseme kijana huyu sasa ni fundi. Nikapanda. Nilikata siku mbili, kama nilivyomwona baba akiikata mibuni iliyozeeka, bila huruma, nikiamini mti ukikatwa sana huzaa sana.

Aliporudi alisimama chini ya ukuta akatazama juu kwa muda mrefu. Kisha akainama, akaokota kitawi kimoja chini, akakigeuza kiganjani, akakitia mfukoni. Akasema, "Haya, twende tukanywe chai."

Mei ukuta ukawa wa kijani mtupu. Na Mei ndiyo ulikuwa mwezi wa wageni. Uingereza kuna mpango ulioanza mwaka 1927, watu wenye bustani nzuri hufungua mageti siku moja au mbili kwa mwaka, wageni wanalipa kiingilio, na fedha zinakwenda kwa wauguzi. Mwanzoni ilikuwa shilingi moja kwa kichwa. Bustani zote huandikwa kwenye kitabu chenye jalada la manjano, na penye jina la kwetu walikuwa wameandika wisteria kabla ya kitu kingine chochote. Wageni walikuja na kamera zao. Nilisimama kwenye meza ya miche nikisikia swali lilelile tangu saa nane mchana hadi jioni: wisteria iko wapi?

Kesho yake Miledi alimwita Mzee. Huyo Miledi alikuwa mjane wa Earl, bwana wa cheo kikubwa cha Kiingereza, amepita miaka themanini, mwenye nyumba na kila kilichokuwa ndani ya ukuta ule. Mimi nilikuwa nafunga njegere kwenye fito, nyuma ya ua wa miti, nao walikuwa upande wa pili. Hakupaza sauti. Watu wa namna ile hawapazi sauti. Aliuliza tu imekuwaje, miaka ishirini na sita Mzee yupo pale na haijawahi kutokea. Mzee akajibu, "Kinachokatwa hapa kimekatwa kwa mkono wangu, Miledi." Basi. Hakutaja homa yake, hakunitaja mimi. Nikaendelea kufunga njegere.

Usiku huo zamu ya nyumba ya vioo ilikuwa yangu. Nilipofungua mlango nikakutana na harufu. Pembeni, nyuma ya michungwa ya kwenye madumu, kulikuwa na isale. Nilikuwa nimelimwagilia miaka miwili nikiliita kwa jina la kwenye kibao chake cha bati, Dracaena fragrans, kwa sababu kazini ndivyo tulivyotakiwa kuita. Wazungu wanalijua zamani: mtaalamu wa mimea Linnaeus aliliandika mwaka 1762, miaka 86 kabla mmisionari Rebmann hajaiona theluji ya Kilimanjaro. Lakini sikuwahi kuliona likichanua mle ndani. Usiku ule lilichanua, na mimi nikakaa chini, kwenye sakafu ya mawe, nikalia kama mtoto.

Nilimkumbuka baba. Nilikuwa na miaka tisa alipofungulia maji ya mfongo usiku, na zamu ilikuwa ya baba mkubwa. Hawakusemeshana muda mrefu. Mwishoni baba alikata jani la isale, akalifunga fundo, akaenda na mzee mmoja wa ukoo, na mimi nyuma yao nimebeba kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Baba mkubwa alikuwa amekaa mlangoni. Baba akamnyooshea jani. Baba mkubwa hakulipokea, hakulikataa, alilitazama tu, mpaka mkono wa baba ukaanza kutetemeka. Kisha akalichukua. Isale likishapokelewa, neno limekwisha, na likikataliwa… wazee hawakuwa wakiimalizia sentensi hiyo mbele ya watoto.

Nikachagua jani lisilo na doa. Nikalifunga fundo. Na hapa ndipo ninapopaeleza kwa shida, kwa sababu nimejiuliza miaka mingi kwa nini nililipeleka nilikolipeleka.

Asubuhi mapema Miledi alikuwa kwenye njia ya mawe, amepiga magoti juu ya kipande cha jamvi, anang'oa magugu kati ya mawe kwa kisu kidogo kilichopinda. Alikuwa akifanya hivyo kila siku kabla ya kifungua kinywa. Amevaa sweta la marehemu mumewe, viwiko vimetoboka, na kucha zake zilikuwa nyeusi kwa udongo kuliko zangu. Nikasimama mbele yake. Nikaona si adabu kusimama juu ya mtu mzima, nikachuchumaa. Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili.

Akaweka kisu chini. Akavua miwani iliyokuwa na matone ya umande, akaifuta kwenye sweta, akaivaa. Akalipokea jani. Moyo wangu ulitua kabisa, nasema kweli, nilihisi mabega yakishuka.

Kisha akaanza kulifungua fundo. Taratibu, kwa kucha zile zenye udongo, akiangalia lisichanike. Lilipofunguka akalilaza juu ya goti lake akalinyoosha kwa kidole gumba, kutoka kikonyoni hadi nchani, mara mbili, mara tatu. Akaligeuza akatazama chini ya jani. Akaliinua kwenye mwanga.

"Sioni wadudu," alisema. "Lina nini?"

Nikamjibu halina ugonjwa. Nikamwambia ni mmea wa kwetu. Nilitaka kuendelea, nimweleze fundo ni la nini, lakini Kiingereza changu chote kilikuwa cha mimea na vifaa, na maneno ya jambo lile nilikuwa nayo kwa Kichagga tu. Nikasema kilichowezekana: "Wisteria niliikata mimi, Miledi. Mzee alikuwa mgonjwa."

"Najua," akasema. "Dirisha la chumba changu linatazama ukuta ule. Nilikuona kwenye ngazi siku mbili."

Nikashindwa kuelewa. Kama alijua, kwa nini amwite Mzee? Nadhani aliliona swali usoni kwangu, kwa sababu alijibu bila kuulizwa. Alisema bustani ina mtu mmoja wa kuijibia, na mtu huyo si mimi. Akaniuliza kama nimeshakwenda kwa Mzee. Nikasema bado. Akatikisa kichwa kidogo, akanirudishia jani, limenyooka, halina fundo, akachukua kisu chake akarudi kwenye magugu.

Nilisimama pale nimeshika isale lililorudishwa. Hakuwa na ubaya wowote, hilo nalijua. Mtu ameletewa jani, amelikagua, amemrudishia mtunza bustani jani lake. Lakini mwili haukuelewa hivyo. Miguu yangu ilikuwa mizito kama ya mtu aliyefukuzwa ukooni.

Yaliyofuata ni mafupi. Nilikwenda kwenye kibanda cha nyuma ya ukuta wa kaskazini, ambako zamani walilala watunza bustani wasio na wake. Mzee alikuwa anamimina chai. Akanimiminia na mimi. Jani lilikuwa ndani ya koti. Nikanywa chai, nikamuuliza leo tunaanzia wapi, akasema tunaanza na kukata nyasi. Tukaenda kukata nyasi.

Februari iliyofuata aliniita nimshikie ngazi. Alipofika katikati akashuka, akaniambia nipande mimi. Akawa chini akinielekeza: shika, minya, hilo nene ni ua, liache, hilo jembamba ni jani, kata. Siku nzima hakusema neno jingine. Miaka miwili baadaye wisteria ilirudi kama zamani, mikono na mikono ya maua ya zambarau, na wageni wakaja na kamera zao. Miledi alifariki majira ya baridi ya 1997. Mzee alistaafu mwaka 1999, akafariki mimi nikiwa nimesharudi nyumbani. Mkewe ndiye aliyeniandikia.

Sikumwomba msamaha. Kila msimu nilijiambia ameshasamehe, angenifundishaje kazi kama hajasamehe. Pengine ni kweli. Lakini kusamehewa na kuomba si kitu kimoja, baba alinionyesha hilo nikiwa na miaka tisa, na mkono uliotetemeka ulikuwa wake. Mimi niliona mwenye cheo nikadhani ndiye mwenye neno. Niliyemkosea alikuwa anamimina chai hatua mia moja kutoka pale.

Kwetu ningekwenda nalo hata sasa. Ningelipanda kichwani pa kaburi likashika. Yeye amelazwa kwenye uwanja wa kanisa la kijiji, mahali pazuri, upepo unapita. Isale kule halishiki. Jalidi ya usiku mmoja tu, asubuhi majani yake ni meusi na shina ni maji.

Jani lenyewe ninalo. Liko kwenye daftari langu la kazi la mwaka ule, kati ya kurasa za mwezi wa tano, limekuwa la rangi ya tumbaku. Leo asubuhi mjukuu alilikuta akitafuta karatasi ya kuchorea. Akalishika vizuri, hakulivunja, akapitisha kidole kwenye ile mikunjo miwili inayopishana katikati. Akaniuliza limefanya nini pale.

Nikamwambia lilifungwa, kisha likafunguliwa.

"Nani alilifungua?"

Mtu mmoja, nikamwambia, aliyedhani linaumwa.