Swali Moja la Jaji: Uzoefu Wangu wa Ukalimani Mahakamani Kentucky

Nilipoanza kazi ya ukalimani wa Kiswahili katika mahakama za jimbo la Kentucky, sikudhani lugha ingenisumbua, kwa sababu nimezaliwa Kigoma na Kiswahili cha pande zote mbili za Ziwa Tanganyika nimekisikia tangu utotoni. Wengi ninaowatafsiria ni Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya kuletwa Marekani. Kilichonishinda ni sheria yenyewe, hasa swali moja fupi ambalo mshtakiwa huulizwa anaposomewa shtaka.

Swali hilo nililitafsiri kwa miezi kadhaa hivi: "Je, una kosa au huna kosa?" Siku moja mzee wa kanisa, aliyeshtakiwa kwa kosa dogo ambalo sitalitaja kwa kuwa kazi yetu ina siri zake, alinijibu kwa Kiswahili cha kwao: "Ni miye nilifanya, siwezi kusema bongo." Bongo kwao ni uongo. Wakili wake, ambaye muda mfupi kabla alikuwa amemshauri alikatae shtaka, aligeuka akanitazama mimi badala ya mteja wake. Ndipo nilipong'amua kwamba mzee alikuwa amejibu swali langu, si la jaji. Jaji hakuuliza kama kitendo kilitokea. Aliuliza kama mshtakiwa yuko tayari kutiwa hatiani bila upande wa mashtaka kuthibitisha lolote.

Mkalimani akigundua amekosea hana budi kusema mbele ya mahakama, tena hujitaja kama mtu mwingine ili kumbukumbu zisichanganye sauti yake na ya mshtakiwa. Nikasema, "Mheshimiwa, mkalimani anaomba kurekebisha tafsiri yake," kisha nikauliza upya: "Unakubali hatia katika shtaka hili, au unalikataa shtaka?" Mzee akanyamaza. Wakili akaomba muda, na kesi ikasogezwa hadi mwisho wa kikao.

Tulikaa kwenye benchi la ukumbini, wakili akieleza nami nikitafsiri neno kwa neno, maana mkalimani haruhusiwi kuongeza ushauri wake hata ukimwasha ulimi. Alieleza kwamba anayekubali hatia anaachia haki tatu zilizotajwa na Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Boykin dhidi ya Alabama ya mwaka 1969: kuhukumiwa na juri (raia wa kawaida wanaoteuliwa kuamua kesi), kukabiliana na mashahidi wanaomshtaki, na kutolazimishwa kujishuhudia mwenyewe. Akaongeza kuwa kwa asiye raia, kukubali hatia katika makosa fulani kunaweza kumrudisha alikotoka. Onyo hilo wakili halitoi kwa hisani. Ni wajibu wake tangu hukumu ya Padilla dhidi ya Kentucky ya mwaka 2010, kesi ya dereva wa lori mzaliwa wa Honduras, aliyekuwa ameishi Marekani miaka 40 hivi na aliyekubali hatia baada ya wakili wake kumwambia asihofu mambo ya uhamiaji.

Mzee aliuliza jambo moja tu: "Sasa nikikatala, si nimedanganya?" Wakili akajibu kwamba kukataa shtaka si ushahidi wa kiapo, ni kuiachia serikali mzigo wake wa kuthibitisha iubebe yenyewe.

Tangu siku hiyo nina daftari la maneno ya sheria yanayonitega. Upande wa mashtaka hapa huitwa Commonwealth, neno ambalo Kentucky hujiita rasmi, na wiki yangu ya kwanza nusura nitangaze kuwa Jumuiya ya Madola inamshtaki kijana kwa kuendesha gari bila leseni. Sasa nasema "serikali ya jimbo". Juri nayo siiti tena "wazee wa baraza", kwa sababu wazee wa baraza tuliowazoea Tanzania hutoa maoni yasiyomfunga jaji, ilhali juri ya Kentucky, watu 6 katika mahakama ya wilaya na 12 katika mahakama ya makosa makubwa, ndiyo inayoamua hatia, na lazima wote wakubaliane. Lililonichelewesha zaidi ni kipimo cha ushahidi. Nilizoea kusema "bila shaka yoyote", maneno matamu lakini yanayoidai serikali kuliko sheria inavyoidai, kwa kuwa shaka ya kubuni kila mtu anaweza kuwa nayo. Siku hizi nasema "pasipo kuacha shaka yenye msingi".

Mzee aliitwa tena ukumbi ukiwa karibu mtupu. Jaji akauliza, nami nikatafsiri polepole. Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akasema, "Ninakatala. Waonyeshe wao." Nilitafsiri yote mawili, jaji akaandika la kwanza.