Hitimisho Hili ni la Aina Gani?

Vijana wa hapa Kampala wanaojiandaa kwa mtihani wa kuingia shule ya sheria ya Makerere, pamoja na wale wanaolenga vyuo vya sheria vya Marekani kwa kufanya mtihani wa LSAT, huniuliza mara kwa mara wayakabili vipi maswali ya kupima hoja. Huwashauri waanze na hitimisho, tena wasitosheke na kuliona lilipo, bali waseme ni la aina gani. Jambo hili lina uzito zaidi tangu Agosti 2024, LSAT ilipoondoa michezo ya mantiki (mafumbo ya kupanga vitu kwa kufuata masharti), kwani sasa sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa alama ni za hoja, kila moja ikiwa na dakika 35.

Tuchukue hoja ya kubuni: "Wachuuzi wa soko la Nakasero wanadai kuwa petroli ndiyo iliyosababisha matoke yaanze kupanda bei. Lakini matoke yalianza kupanda kabla ya petroli kupanda. Basi maelezo yao si sahihi." Hitimisho hili ni la kukanusha, na haliendi mbali zaidi ya hapo. Msemaji hakutaja chanzo cha kweli, wala hakusema kwamba petroli haikuchangia baadaye. Hata hivyo watahiniwa wengi, na makini miongoni mwao, hukimbilia jibu linalosema kuwa msemaji anaamini ukame ndio chanzo. Jibu hilo linavutia kwa sababu linakamilisha kisa, lakini hakuna aliyelisema.

Sasa tubadilishe sentensi ya mwisho tu. Tukiandika "Basi ukame wa Isingiro ndio uliopandisha bei," tumepata hitimisho la chanzo, na papo hapo tuna haki ya kuuliza ni nini kingine kingeweza kuleta matokeo yaleyale. Tukiandika "Basi mamlaka ya jiji iwapunguzie wachuuzi ushuru," hilo ni pendekezo, nalo linadai zaidi: kwamba hatua hiyo itafanya kazi, na kwamba hasara zake hazitazidi faida. Wanaosahau kupima hasara ni wengi mno. "Bei itashuka mvua zikirudi" ni utabiri, unaotegemea mambo mengine yasibadilike.

Ulinganisho ni mwepesi kuutambua, ila una mtego wake: kusema Nakasero ni ghali kuliko soko la Owino si kusema kwamba Owino ni rahisi.

Aina ikishajulikana, hubaki kupima nguvu ya maneno. "Huenda" na "lazima" havithibitishwi kwa ushahidi wa kiwango kimoja, na katika mantiki "baadhi ya wachuuzi" haimaanishi kwamba wapo waliobaki nje, ingawa katika mazungumzo yetu ya kila siku ndivyo tunavyoelewana. Ushahidi unaotosha kuthibitisha kwamba baadhi ya wachuuzi wamepandisha bei hautoshi kuthibitisha kwamba wengi wao wamefanya hivyo.