Hela ikija, ianzie kwenye mabanda

Jumapili nimempeleka mwanangu kwenye kile kibustani cha wanyama nje kidogo ya mji hapa Mbeya, si mnaijua baridi yetu ya mwezi wa saba, mtoto kavaa masweta mawili, halafu tunamkuta tumbili kajikunyata kwenye kona ya banda, nondo zina kutu, chini simenti tupu, hata tawi la kurukia hakuna. Mtoto ananiuliza, mama, yeye hana blanketi? Nilikosa cha kumjibu.

Sasa hela ya umma ikitengwa kukarabati, naomba sana isiishie kwenye geti na vigae vya ofisi. Ianze na sehemu ya kulala isiyopitisha upepo, miti, maji ya uhakika na daktari wa wanyama. Saanane kule Mwanza ilianza 1964 kama bustani ya wanyama, 2013 ikawa hifadhi ya taifa, kwa hiyo inawezekana kabisa.

Halafu sisi tuna kipunji jamani! Kima wa misitu ya Rungwe, wanasayansi wamemtangaza 2005 tu, na watoto wengi huku hata picha yake hawajaiona. Wekeni bango lake kubwa pale mlangoni, kwa Kiswahili, na kiingilio cha wanafunzi kisipande maana hela yenyewe ni kodi ya wazazi wao.