Jinsi Nilivyoacha Kubishana na Baba Kuhusu 1844

Niliporudi nyumbani Same baada ya kumaliza chuo, sina ajira na nina mashaka mengi ya imani kuliko vyeti, rafiki zangu wawili walinipa ushauri uleule kwa nyakati tofauti: waambie wazazi ukweli wote kwa mara moja, nao watakuheshimu. Wote wawili walikuwa wamepanga vyumba vyao mjini na wanajilipia umeme. Ushauri wao ulinigharimu karibu miezi minne ya kula meza moja na mama bila kutazamana.

Waadventista Wasabato walifika Upare na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1903, na ukoo wetu umo humo tangu enzi za babu yake baba. Kwetu, Ijumaa jua linapokaribia kuzama, nguo zimekwisha kupigwa pasi, chakula cha kesho kimepikwa, na sote tumeketi sebuleni na Nyimbo za Kristo mikononi kufungua Sabato. Nguruwe haliwi, kahawa hainywewi, na kambare wa Nyumba ya Mungu hapiti mlangoni kwa kuwa hana magamba. Nilibatizwa nikiwa na miaka 12, kwa hiari yangu, na niliyapenda maisha hayo. Mzee mmoja wa kanisa alishikilia baadaye kwamba lazima kuna msichana aliyeniharibu. Ukweli ni kwamba niliharibiwa na kusoma.

Nilichokisoma sana ni habari ya 1844. Danieli 8:14 inataja jioni na asubuhi 2300. Siku moja ikihesabiwa kuwa mwaka, na hesabu ikianzia 457 KK, unafika kwenye mwaka walioufikia wafuasi wa William Miller, mhubiri wa huko Marekani, waliomngoja Yesu tarehe 22 Oktoba 1844 na hakuja. Baadhi ya waliobaki wakafafanua kwamba tarehe ilikuwa sahihi ila tukio lilikuwa la mbinguni, na kanisa letu limesimama juu ya ufafanuzi huo. Usiku mmoja nilichukua kalamu, nikatoa 457 katika 2300, nikapata 1843. Sikulala kwa furaha. Nilijiona mtu wa kwanza duniani kugundua kosa hilo.

Ijumaa iliyofuata, baada ya wimbo wa pili, baba aliuliza kama kuna mwenye neno. Nilisimama na daftari langu, nikahutubia kama wakili kwa robo saa nzima, wadogo zangu wakinitazama kwa mshangao ambao niliudhania kuwa ni heshima. Nilikuwa nimesahau jambo moja dogo, kwamba baba ni mwalimu mstaafu wa hisabati. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaniomba kalamu, kisha akachora mstari nyuma ya lesoni yake, kile kijitabu cha masomo ya Sabato.

“Baada ya mwaka 1 KK unakuja mwaka gani?” aliniuliza.

“Sifuri,” nilijibu.

“Mwaka sifuri uliuona wapi, mwanangu? Unatoka 1 KK unaingia 1 BK. Ongeza mmoja wako uliopotea. Hata Miller mwenyewe aliteleza hapohapo, ndiyo maana kwanza walitazamia 1843.”

Mdogo wangu wa kike alijificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, mabega yakimtikisika. Swali langu la kweli, yaani ni nani aliyesema siku ya Danieli ni mwaka, halikupata hata nafasi ya kutoka kinywani, kwa sababu nilikuwa nimeweka mtaji wote kwenye hesabu ya kutoa. Mama hakucheka. Wiki hiyo mchungaji alikuja kutuombea mara tatu.

Kilichoniokoa ni fundi wa mitambo ya sauti ya kanisa kuhamia Arusha. Nilijitolea kushika nafasi yake, nikanunua nyaya na kipaza sauti kilichotumika, kama elfu arobaini hivi kutoka fedha za vibarua. Anayeshika miksa haitwi mbele kuomba, hatoi ushuhuda, na hakuna anayemuuliza kama amesoma lesoni. Kazi yake ni kuhakikisha mahubiri yanasikika, nami niliyafanya yasikike vizuri kuliko wakati wowote nikumbukao. Lakini mama alianza kushukuru kwamba nimerudi kundini, na jambo hilo lilinikera dhamiri. Nilimfuata jikoni akichagua mchele.

“Mama, ninashika mashine tu. Imani yangu haijarudi ilivyokuwa.”

“Nimesikia,” alisema bila kuinua kichwa. “Niletee maji.”

Ukitaka kusema neno kama hilo, lisemee jikoni, kwa mtu mmoja, siku ya kazi.

Robo ya mwaka ilipoisha ikaja Meza ya Bwana. Nilikusudia kubaki kwenye mashine wakati wa kutawadhana miguu, lakini baba alinijia na beseni na taulo begani, akasema mashine haitakimbia. Nikamtawadha. Visigino vyake vimepasuka kama udongo wa kiangazi, na maji yalikuwa baridi mno. Naye akanitawadha. Mkate ulipopitishwa niliuachia jirani yangu, na nikajua baba ameona.

Tukiwa njiani kurudi, alikaa kimya hadi kwenye kona ya sokoni, kisha akaniuliza kama nimeisikia ile spika ya kushoto inavyokwaruza.

“Waya umelegea,” nilimwambia. “Nitaukaza kesho.”