Siku niliyokuwa Watanabe

Mwaka 1994 nikiwa mwaka wa pili chuo cha ufundi, mwalimu wetu wa ujenzi aliingia karakanani na fotokopi iliyofifia hadi nyuso zimegeuka madoa. Wanaume wawili wamekaa vitini, mikono wameitandaza kama wanaozuia kuku. Katikati yao, juu ya kiti cha ubao kinachoning'inia, yupo wa tatu, katulia tuli.

"Huyu ni Kaichi Watanabe," mwalimu akasema. "Mjapani, kasoma uhandisi Glasgow. Hapa ni 1887, wanaeleza daraja la Forth, kule Uskoti."

Daraja la Tay, hukohuko Uskoti, lilikuwa limeanguka na treni juu yake mwaka 1879, na watu hawakuwa na imani tena na madaraja. Benjamin Baker, mmoja wa wahandisi waliobuni daraja la Forth, akaona awaonyeshe linavyobeba mzigo kwa miili ya watu, hesabu aziache kwanza.

Mwalimu akataka na sisi tulijenge. Kwa wembamba wangu, Watanabe nikawa mimi. Wenzangu wawili walikaa, wakashika mipini ya majembe iliyoegemezwa kwenye viti vyao. Ubao wangu ukafungwa kwa kamba za katani kwenye mikono yao ya ndani. Ile ya nje ikafungiwa matofali, manne kila upande.

Nikakaa. Matofali yakakwaruza sakafu, wenzangu wakanijia kama milango miwili inayofungwa, mimi nikatua kwa makalio kwenye saruji. Karakana nzima ilicheka isipokuwa mwalimu. Wala hakuninyanyua. Aliinua fotokopi, akaweka kidole pembeni kabisa, kwenye doa jeusi ambalo sote tulidhani ni wino wa mashine.

"Na haya?"

Yalikuwa matofali, rundo zima. Macho yetu yote yalikuwa kwa Mjapani.

Tukaenda kuazima (nasema kuazima) mengine nje, kwenye msingi wa vyoo vipya. Safari hii kamba ilikaza, ikalia nyii, nami nikaelea. Mwenzangu wa kulia akalalamika kwamba bega linavutwa huku mpini unasukuma kiti. Mwalimu akamwambia arudie kwa sauti, wote wasikie.

Alitupitishia pia picha za Evelyn Carey, mhandisi aliyepiga picha ujenzi wenyewe: winchi zimepanda juu ya mabomba makubwa ya chuma, vibarua wadogo kama siafu. Nilizitazama nikiwa bado naning'inia. Hapo ndipo fundi wa vyoo alipotokea mlangoni, akaanza kuhesabu matofali yake.